Mtoto alichomwa na yavuyavu wa buluu: sumu yake hufanya nini mwilini, na kwa nini alama zimerudi baada ya siku kumi?

Mama Watatu (Pangani)

Ndugu zangu, nawasalimu. Naomba msaada wa wenye elimu ya tiba na wa wale wanaoijua bahari, kwa sababu jambo lililompata binti yangu limeniacha na maswali mengi, na kila ninayemuuliza hunijibu kwa namna yake.

Wiki mbili zilizopita tulikwenda kuwatembelea jamaa zetu wanaokaa karibu na ufukwe. Upepo ulikuwa umevuma kutoka baharini usiku kucha, na asubuhi tulikuta mchangani vibofu vidogo vya buluu vilivyojaa hewa, kila kimoja kikiwa na ukubwa wa kidole gumba. Hatukujua ni nini. Binti yangu mwenye umri wa miaka 11 aliingia majini hadi kiunoni, na hata sijamaliza kutandika mkeka nikasikia ukelele wake. Alipotoka, paja lilikuwa limezungukwa na uzi mwembamba wa buluu, na chini ya uzi huo ngozi ilikuwa imeanza kuumuka kwa mstari wa vinundu mithili ya shanga zilizotungwa.

Kila aliyekuwapo alitaka kusaidia. Mmoja alimmwagia maji baridi ya kisima, mwingine akamsugua kwa mchanga mkavu ili uzi utoke, na wa tatu akashauri mkojo, nasi kwa hofu tukakubali. Kila tulipofanya jambo jipya mtoto alizidi kulia. Baadaye mtoki ukamvimba kwenye kinena upande uleule wa jeraha, na maumivu yalianza kupungua baada ya saa moja na zaidi. Siku ya tatu ilibaki mistari tu, nami nikamshukuru Mungu. Ila juzi, ikiwa ni siku ya kumi tangu achomwe na hajarudi baharini hata mara moja, mistari ileile imewaka upya, mabaka mekundu yameinuka, na anawashwa kiasi cha kukosa usingizi.

Nataka kujua sumu hiyo hufanya nini ndani ya mwili, tulikosea wapi, na je, akichomwa mara ya pili atakuwa katika hatari kubwa zaidi?

Muuguzi wa Zamu (Dar es Salaam)

Pole sana dada, na mpe pole binti. Kwa maelezo yako, uzi mmoja mrefu wa buluu na kibofu chenye hewa, mnyama huyo ni yule ambaye wanasayansi humwita Physalia. Watu wa pwani humhesabu miongoni mwa mayavuyavu, na si kosa kwa mazungumzo ya kawaida, ingawa kwa hakika yeye si yavuyavu mmoja bali ni koloni la viumbe vidogo vilivyoungana, kimoja kikielea kama tanga, vingine vikiwinda na vingine vikimeng'enya chakula. Kwa kuwa hana uwezo wa kuogelea, hupelekwa na upepo, ndiyo maana mlimkuta mchangani baada ya usiku wa upepo wa baharini.

Sasa ule uzi. Ukiutazama kwa darubini utaona kwamba umejaa seli maalumu kwa maelfu, na ndani ya kila seli mna kifuko kidogo mno ambacho wataalamu hukiita nematosisti. Kifuko hicho kimebeba sumu pamoja na mrija mwembamba uliokunjwa kama kamba ndani ya ndoo. Kikiguswa, au kikipata kichocheo cha kikemikali kutoka kwenye ngozi, kifuniko hufunguka, mrija hujipindua ndani nje kama mkono wa kanzu unavyogeuzwa, ukatoboa ngozi na kumwaga sumu. Watafiti wa Ujerumani walipima tendo hilo mwaka 2006 kwa kutumia haidra, jamaa mdogo wa mayavuyavu aishiye katika maji baridi. Waliona kwamba hatua ya mwanzo ya mlipuko huchukua muda wa nanosekunde 700 tu, na shinikizo ndani ya kifuko hukadiriwa kufika bar 150, wakati tairi la gari dogo hujazwa kwa bar mbili na kitu. Nayataja haya ili ueleweke ubaya wa kusugua. Uzi unapokaa juu ya ngozi, sehemu tu ya vifuko ndiyo iliyokwisha kulipuka. Vingine vingi bado vinangoja. Mchanga mkavu na kiganja cha mkono huvibana, maji ya kisima yasiyo na chumvi hubadilisha kiwango cha chumvi vilichozoea, na vyote viwili vyaweza kuvifyatua vilivyosalia. Mkojo nao hauna chumvi wala asidi ya kutegemewa, kwa hiyo hauna faida na waweza kufanya kama maji ya kisima. Mlitenda kwa upendo, lakini huenda sehemu ya maumivu aliyoyapata mtoto ilitokana na msaada wenyewe.

Ndani ya mwili, sumu hiyo ni mchanganyiko wa protini nyingi. Baadhi hutoboa utando wa seli na kuacha vitundu, seli ikavuja na kufa. Nyingine huamsha mishipa ya fahamu inayobeba maumivu, na mwili wenyewe hujibu kwa kumwaga histamini, ndipo ngozi inapoumuka. Sumu ikisafiri kwa njia ya limfu, tezi za karibu huvimba, na huo ndio mtoki uliouona. Kwa watu wachache hufuata kichefuchefu, kutokwa jasho au maumivu ya misuli. Akishindwa kupumua vizuri, akivimba uso au midomo, akitapika mfululizo au akizimia, huyo ni mgonjwa wa hospitali dakika hiyohiyo, na nyumbani hapafai.

Mkikutwa tena na yavuyavu wa aina hii, uondoeni uzi kwa kibano au kwa vidole vilivyofunikwa kwa kitambaa, mkiunyanyua bila kuuburuta. Kisha tumbukizeni sehemu iliyochomwa katika maji ya moto kwa dakika 20 au zaidi, kwa joto la nyuzi 45 hivi. Kama hamna kipimajoto, mtu mzima ajaribu kwanza kwa mkono wake mwenyewe: yawe moto unaovumilika, yasiwe ya kubabua. Katika jaribio lililofanyika Newcastle, Australia, na kuchapishwa mwaka 2006, kati ya waliochomwa na Physalia na kuwekwa kwenye maji ya moto, waliopata nafuu walikuwa asilimia 87, ilhali kati ya waliowekewa barafu walikuwa asilimia 33.

Kuhusu alama kurudi nitaandika baada ya zamu yangu, kwa sababu jambo hilo lahitaji nafasi yake.

Nahodha Mstaafu (Wete)

Mimi si mtu wa hospitali, ni mtu wa chombo, lakini nimekaa baharini zaidi ya miaka 40 na ningependa kuongeza niliyoyaona kwa macho yangu.

Kwanza, msidhani kwamba aliyekufa hadhuru. Tulikuwa tukivua nyavu zimejaa konyeza, ndivyo tuwaitavyo mayavuyavu, waliopondeka, tukazianika ufukweni, na siku ya pili au ya tatu, kijana akikaa kuzishona, mikono ilimwaka moto na macho yakavimba akiyagusa. Vile vipande vilikuwa vimekauka, huvioni, ila umande au jasho likivigusa vinawasha kana kwamba vimetoka majini sasa hivi. Kwa hiyo yale mabofu ya buluu aliyoyaona Mama Watatu mchangani, watoto wakatazwe kabisa kuyakanyaga na kuyachezea.

Pili, sisi katika mashua hatukukosa chupa ya siki. Mtu akichomwa tulimwagia siki, na wengi walipata nafuu. Sasa miaka ya karibuni mgeni mmoja mpiga mbizi aliniambia kwamba siki ni kosa na kwamba inazidisha sumu. Nimekaa na jambo hili moyoni, maana nimewamwagia watu wengi, wakiwamo wanangu. Naomba anayejua anieleze ukweli bila kunionea haya.

Mwanafunzi wa Viumbe vya Bahari (Townsville, Australia)

Shikamoo Mzee Nahodha. Uliyoyasema kuhusu nyavu ni sahihi kabisa: kifuko cha sumu hakihitaji mnyama awe hai, maana hakipokei amri kutoka kwenye ubongo. Mayavuyavu hawana hata huo ubongo.

Kuhusu siki, usijilaumu. Jibu linategemea ni nani aliyechoma, na hapo ndipo watu wanapopishana. Mimi nasoma kaskazini mwa Queensland, mahali ambapo chupa za siki zimewekwa kwenye nguzo ufukweni kama vile kwingine wanavyoweka vizima moto, na sababu yake ni yavuyavu wa umbo la sanduku, Chironex fleckeri. Huyu ana minyiri inayofika 60, kila mmoja ukiweza kurefuka hadi mita 3, na ni mwangavu kiasi kwamba majini humwoni. Mwaka 1955 mtoto wa miaka 5 alifariki katika maji ya Cardwell, na daktari Hugo Flecker alishauri polisi wavue kwa nyavu eneo lile. Akapatikana mnyama ambaye hakuwa amewahi kuelezwa na sayansi, na mwaka uliofuata Ronald Southcott akampa jina linalomkumbuka Flecker. Katika Australia peke yake amekwisha kuua watu zaidi ya 60, na katika visa vibaya kabisa moyo husimama ndani ya dakika 5.

Kinachofanyika ndani ya mwili kinafanana na alivyoeleza Muuguzi, isipokuwa kwa ukali mwingine. Protini za Chironex hutoboa seli za damu na za misuli, potasiamu iliyokuwa ndani ya seli ikamwagika kwenye damu, na moyo, ambao hupiga kwa kutegemea uwiano wa madini hayo, ukapoteza mwendo wake. Ngozi iliyoguswa hufa na kuacha makovu kama mtu aliyechapwa mijeledi. Dawa ya kupinga sumu yake ipo tangu mwaka 1970, nayo hutengenezwa kutokana na damu ya kondoo waliozoeshwa sumu. Hata hivyo, kwa mgonjwa ambaye moyo umesimama, linalotangulia dawa zote ni kumbana kifua na kumpulizia pumzi bila kukata, maana mwili ukisaidiwa kwa muda huo mfupi moyo waweza kurudi. Siki, ikimwagwa kwa sekunde 30 au zaidi, huzuia vifuko ambavyo havijalipuka visilipuke. Haiondoi sumu iliyokwisha kuingia, wala haipunguzi maumivu yaliyokwisha kuanza, lakini kwa Chironex kuzuia hiyo iliyobaki kwaweza kuwa tofauti ya uhai na mauti.

Kwa yule wa buluu, mwongozo wa Australia bado husema asimwagiwe siki, aoshwe kwa maji ya bahari na kutiwa katika maji ya moto, kwa kuwa baadhi ya majaribio ya zamani yalionyesha siki ikifyatua vifuko vyake. Mwaka 2017 watafiti wa Ireland na Hawaii walichapisha matokeo tofauti: kwao siki ilivizuia vifuko vya Physalia, na maji ya bahari ndiyo yaliyovisambaza. Kwa hiyo mgeni wako, mzee, alikuwa amesoma upande mmoja wa mjadala, nawe ulikuwa upande wa pili bila kujua. Pande zote mbili zinakubaliana juu ya maji ya moto, na hilo mimi ndilo ningelishika kwanza.

Naomba niongeze jambo moja ambalo linanigusa sana, kwa sababu linahusu udogo. Karibu na Cairns watu walikuwa wakichomwa na kitu kisichoonekana, wakipata alama ndogo isiyo na maana, kisha baada ya nusu saa hivi mgongo na tumbo vinakazana, jasho linawatoka, wanatapika, shinikizo la damu linapanda, na wanashikwa na hofu nzito, wakiwa na hakika kwamba wanakufa. Flecker aliuita ugonjwa huo Irukandji mwaka 1952, kwa jina la wenyeji asilia wa pwani hiyo, lakini aliyeusababisha hakujulikana. Mwaka 1961 daktari Jack Barnes alimkamata yavuyavu mdogo ambaye mwavuli wake una upana wa sentimita moja hivi. Ili kuthibitisha, alijichoma mwenyewe, akamchoma mwanawe wa miaka 9 na mlinzi mmoja wa ufukweni, na wote watatu wakaishia hospitalini. Mimi nisingekubali jaribio hilo lifanyike leo kwa mtoto yeyote, lakini ndilo lililomtambulisha mnyama ambaye sasa huitwa Carukia barnesi. Sumu yake huonekana kuufanya mwili umwage adrenalini na jamaa zake kupita kiasi, na ndicho kiini cha ile hofu: mgonjwa haigizi, damu yake imejaa kemikali za hofu zenyewe. Mwaka 2002 watu wawili walifariki Australia kwa ugonjwa huu.

Mama Watatu (Pangani)

Nawashukuru nyote, na Mzee Nahodha shikamoo. Maneno ya kijana kuhusu hofu yamenikumbusha kwamba binti yangu alisema "mama, nitakufa", nami nikamkemea kwamba anakuza mambo. Sikupaswa kumkemea.

Niliporudi naye kwenye zahanati jana niliambiwa kwamba alama kurudi maana yake amegusa kitu kingine, labda upupu. Hajagusa upupu, na mistari ni ileile, haikuhama hata upana wa kidole. Naomba Muuguzi akipata nafasi anisaidie kwa hilo.

Muuguzi wa Zamu (Dar es Salaam)

Dada, wewe umeona sawasawa. Alama kurudi mahali palepale baada ya wiki moja au mbili, zikiwasha sana bila kuguswa tena, ni jambo linalojulikana kwa watu waliochomwa na mayavuyavu wa aina nyingi. Si sumu mpya, wala si vidonda vilivyooza. Protini za sumu zilizoingia siku ile zimeufundisha mwili kuzitambua, na seli za kinga zilizokwisha kujifunza zinarudi kushambulia mabaki yaliyopo ndani ya ngozi, hivyo mchoro wa jeraha unaandikwa tena kwa wino uleule. Kwa kawaida hutulia kwa krimu ya haidrokotisoni na dawa ya mzio ya kumeza, ambazo mhudumu wa afya atampimia kulingana na uzito wake. Mkate kucha, kwa kuwa kinacholeta usaha ni kujikuna. Mrudishe zahanati na umweleze mhudumu waziwazi kwamba mistari ni ya yavuyavu na tarehe aliyochomwa. Wengi wetu hatukufundishwa habari hizi darasani, nami nilizijua baada ya kukosea kwa mgonjwa wangu mwenyewe, niliyempa dawa ya fangasi.

Swali lako la kuchomwa mara ya pili lina historia inayomhusu mnyama huyuhuyu. Mwaka 1901 Wafaransa wawili, Charles Richet na Paul Portier, walisafiri baharini katika chombo cha Albert wa Kwanza, mtawala wa Monaco, wakiichunguza sumu ya Physalia. Walipofika Ufaransa walikosa Physalia, wakaendelea na sumu ya mnyama mwingine wa ukoo huo anayenata kwenye miamba. Walitarajia kwamba mbwa aliyepewa dozi ndogo atazoea sumu, kama vile chanjo inavyozoesha. Ikawa kinyume. Mbwa mmoja aitwaye Neptune, aliyekuwa mzima kabisa baada ya dozi ya awali, alidungwa tena wiki kadhaa baadaye kiasi kidogo, akaanza kuhema na kutapika, na akafa katika dakika 25. Jambo hilo, yaani mzio mkali wa ghafla wa mwili mzima, Richet aliliita anafilaksi, na mwaka 1913 akapewa Tuzo ya Nobel. Kila mgonjwa tunayemdunga adrenalini leo baada ya kuumwa na nyuki au kula karanga anatibiwa kwa elimu iliyoanzia kwenye sumu ile ya buluu.

Hilo lisikutie hofu kubwa kupita kiasi. Wengi sana huchomwa mara nyingi maishani bila kufikia hapo, waulize wavuvi. Lakini kwa binti yako, ambaye mwili wake umekwisha kuonyesha kwamba unaikumbuka sumu, akichomwa tena mwangalie kwa makini saa ya kwanza: pumzi, midomo, upele unaotokea mbali na jeraha. Kimojawapo kikionekana, msingoje maji yachemke, nendeni hospitali.

Nahodha Mstaafu (Wete)

Nimepata faraja kuhusu ile siki, nashukuru. Nina swali la mwisho. Wanawake wetu wanaolima mwani hukaa majini saa nyingi maji yakipwa, na mara nyingi hurudi miguu na mapaja yakiwasha, ilhali hakuna aliyewagusa na hakuna uzi wowote. Wao husema maji yenyewe yana upupu. Je, maji yaweza kuchoma?

Mwanafunzi wa Viumbe vya Bahari (Townsville, Australia)

Yaweza, mzee, na wanawake hao wamesema kweli. Zipo sababu zaidi ya moja, zikiwamo vibuu wadogo wa jamaa za mayavuyavu wanaonaswa ndani ya nguo, lakini iliyo mashuhuri kwa maji ya kina kifupi yenye matope, nyasi za bahari au mikoko ni yavuyavu aitwaye Cassiopea. Huyu haelei kama wenzake, bali hulala chali sakafuni, mikono juu, ili mwani mdogo uishio ndani ya mwili wake upate jua. Akisumbuliwa hutoa ute, na mwaka 2020 watafiti walionyesha kwamba ndani ya ute huo mna vijidonge vidogo visivyofika milimita moja, vinavyojisukuma vyenyewe majini vikiwa vimezungukwa na seli za sumu. Hivyo mtu huchomwa na mnyama aliye hatua kadhaa mbali naye.

Kinga yake ni nguo ya kubana inayofunika ngozi. Mirija ya sumu ni mifupi mno. Waokoaji wa fukwe za Queensland walikuwa wakivaa soksi ndefu za kike za nailoni ili kujikinga hata na Chironex, na kitambaa chepesi kama hicho kiliwatosha. Khanga pana haifai sana hapo, kwa kuwa maji hupita chini yake na kuvinasa vijidonge kwenye ngozi. Ningefurahi sana, mzee, kama ungewauliza iwapo wanawaona wanyama wa namna hiyo mashambani mwao.

Nahodha Mstaafu (Wete)

Nimemuuliza mke wa mwanangu jioni hii. Anasema wapo, wa rangi ya kahawia, wamelala chali katikati ya kamba za mwani kama sahani zilizosahaulika, na wanawake huwasogeza kwa mguu ili wapate nafasi ya kufunga mbegu. Kuwashwa huzidi siku wanapowasogeza. Bamvua hili wameamua kuwaacha walipolala na kupima kamba upya pembeni yao, na soksi ndefu ameniomba nimtafutie mjini, jozi nne.